Saa Nne za Posta

BARAKA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Leo tuna malipo ya wakubwa kwenye mashirika ya umma, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kipindi hiki nimekuja na mpango. Masomo matano. Yana namba. Kila moja dakika tano.

ZUHURA: Dakika tano kila moja, na msemaji ni wewe?

BARAKA: Ndiyo maana nimeyaandika. Salimia watu.

ZUHURA: Hamjambo. Mpango wake tutauona mbele ya safari. Mimi mkaguzi nina jambo la Jumanne, linanikereketa mpaka sasa.

BARAKA: Haya, dakika mbili.

ZUHURA: Jalada la bonasi. Shirika silitaji, na msilibashiri. Bonasi ya mwaka ya mkurugenzi mkuu na wakuu wa idara zake. Hesabu ipo, imepigwa vizuri, imewekwa sahihi na mkurugenzi wa fedha. Naenda ukurasa wa mwisho kutafuta azimio la bodi. Hakuna. Kuna kikaratasi kimebanwa kwa pini: "Mwenyekiti ameridhia kwa simu."

BARAKA: Kwa simu. Tarehe?

ZUHURA: Haina.

BARAKA: Aliyeandika?

ZUHURA: Mmoja wa wanaolipwa.

BARAKA: [anacheka] Basi hapo umeingia shambani kwangu mimi katibu wa bodi. Mwenyekiti si bodi. Hili watu wanalisahau kila siku, na wenyeviti wenyewe ndio wa kwanza kulisahau. Mwenyekiti anaongoza kikao. Mamlaka ni ya wajumbe wakiwa wamekaa na akidi, idadi inayotakiwa, imetimia, au ni ya mtu ambaye bodi imemkasimu kwa maandishi. Kama jambo ni la haraka, kuna azimio la waraka. Katibu anaandika azimio neno kwa neno, anaambatisha hesabu, anawapelekea wajumbe wote siku moja na kuweka tarehe ya mwisho ya kujibu. Mwenye maslahi anapewa taarifa tu, kura hapigi. Majibu yanarudi na sahihi, yanaingia jaladani. Kikao kinachofuata, azimio linasomwa na kuingizwa kwenye muhtasari. Ni kazi ya siku tatu, nne mkibembelezana.

ZUHURA: Na wakubali wangapi?

BARAKA: Inategemea hati ya bodi. Zipo zinazotaka wajumbe wote wakubali, kwa kuwa hawakupata nafasi ya kubishana ana kwa ana. Nyingine zinatosheka na walio wengi. Balaa ni pale hati iko kimya, na katibu anaamua kanuni wakati majibu yameshamfikia.

ZUHURA: Anahesabu kwanza, kisha anachagua kanuni.

BARAKA: Sijawahi kumwona katibu wa namna hiyo.

ZUHURA: Nami sijawahi kukutana na mkaguzi aliyekuamini. Lakini kile kikaratasi kilinipeleka moja kwa moja Australia.

BARAKA: Zuhura, somo la kwanza…

ZUHURA: Ni humo humo. Mwaka 2018 Australia Post, shirika la posta ambalo ni mali ya serikali kwa asilimia 100, lilifunga mkataba na benki tatu kubwa ili wateja wao wahudumiwe kwenye kaunta za posta. Mkataba ulitajwa kuwa wa dola milioni 220 za kule. Mkuu wa shirika, Christine Holgate, akawazawadia maofisa wakubwa waliouhangaikia. Akawapa saa nne za Cartier.

BARAKA: Saa nne za asubuhi au za usiku?

ZUHURA: Nilijua.

BARAKA: Nauliza tu. Zawadi ya saa nne asubuhi ni mapema mno, watu hawajakaa hata mezani.

ZUHURA: Saa za mkononi, Baraka. Nne. Oktoba 2020, miaka miwili baadaye, seneta mmoja anauliza kwenye kamati kama fedha za shirika zimewahi kununua zawadi. Jibu la kwanza likawa saa za dola kama 3,000 kila moja, yaani 12,000. Baadaye risiti zikasema 19,950.

BARAKA: Saa zimepanda bei zikiwa mkononi mwa watu.

ZUHURA: Siku ile ile waziri mkuu akasimama bungeni akasema Holgate akae pembeni, na kama hataki aende zake. Mwanzoni mwa Novemba Holgate akajiuzulu. Uchunguzi ulioagizwa na serikali haukuona udanganyifu wala rushwa, ila ulisema ununuzi ule haukuendana na wajibu wa kutumia mali ya umma ipasavyo. Na mwaka 2021 shirika hilo hilo likakubali kumlipa dola milioni 1 pamoja na gharama za wanasheria ili yaishe.

BARAKA: Hebu turudi kwenye bei. Saa za 19,950 zimegharimu milioni 1 na ushee kuzifuta. Hakuna fundi saa ghali kama huyo.

ZUHURA: Sasa sikiliza panaponiuma mimi mkaguzi. Nani aliidhinisha? Holgate alisema mwenyekiti wa wakati ule aliridhia. Mwenyekiti akasema saa hakuziidhinisha. Basi. Kauli mbili, na karatasi yenye azimio hakuna. Ndicho kikaratasi changu cha Jumanne, tofauti ni kwamba changu kina pini.

BARAKA: Niseme kitu kama katibu. Mashirika mengi yana jedwali la ukasimu wa mamlaka, yaani nani anaruhusiwa kuidhinisha nini. Safu tano: aina ya matumizi, kiwango, anayependekeza, anayeidhinisha, anayepewa taarifa. Lifungue lolote utafute mstari wa zawadi. Utaukuta mmoja, ule wa zawadi zinazoingia, mfanyakazi akipewa kitu na mzabuni. Wa zawadi zinazotoka, shirika likimpa mtu wake, haupo. Kwa hiyo ombi linaingia kwenye mstari wowote ulio karibu. Mara "ustawi wa watumishi", mara "mahusiano ya umma", nimeona hata "vifaa vya ofisi".

ZUHURA: Saa ni kifaa cha ofisi?

BARAKA: Ya ukutani, ndiyo.

ZUHURA: [anacheka] Halafu kiwango cha mkurugenzi mkuu kwenye vifaa vya ofisi ni kikubwa, maana kimewekwa kwa ajili ya kompyuta. Anaidhinisha mwenyewe, na kwa jedwali hajakosea.

BARAKA: Dawa yake ni mstari mmoja. Zawadi, bonasi na malipo yoyote ya shukrani kwa wanaoripoti moja kwa moja kwa mkurugenzi mkuu: anapendekeza yeye, inaidhinisha kamati ya malipo ya bodi. Kwa yeye mwenyewe: inapendekeza kamati, bodi nzima inaidhinisha, naye anatoka chumbani.

ZUHURA: Na muhtasari unaandika dakika aliyotoka na dakika aliyorudi.

BARAKA: Naam. Si "alijitoa kwenye mjadala". Alitoka saa ngapi, akarudi saa ngapi.

ZUHURA: Usiseme.

BARAKA: Alitoka saa nne.

ZUHURA: Haya. Kuna na kodi, ambayo kwenye zawadi kila mtu anaisahau. Saa ya mkononi aliyopewa mfanyakazi na mwajiri ni faida itokanayo na ajira. Katika nchi nyingi inatozwa kodi kama mshahara, au mwajiri anatozwa kwa niaba yake. Ikinunuliwa kupitia "vifaa vya ofisi" haipiti kwenye orodha ya mishahara, na isipopita huko kodi haikatwi. Kosa la idhini linazaa kosa la kodi.

BARAKA: Kwa hiyo kodi ikikatwa zinabaki saa nne kasorobo.

ZUHURA: Kasorobo ni kodi ya kuoneana huruma. Kwa asilimia 30 unabaki na saa mbili na dakika 48.

BARAKA: [kimya] Umepiga hesabu hiyo sasa hivi?

ZUHURA: Nne mara sifuri nukta saba. Sasa ukitaka mtu abaki na saa nzima mkononi, shirika libebe kodi yake, hugawi hivyo. Saa ya 5,000 unaigawa kwa 0.7, gharama yake ya kweli ni 7,143. Zidisha mara nne, umefika 28,571 badala ya 20,000. Barua ya ajira ikisema "bila makato", fungueni hesabu hii kwanza. Neno hilo dogo hupandisha gharama kwa asilimia 43 na hakuna mjumbe wa bodi anayeshtuka.

BARAKA: Hilo lilikuwa kwenye somo la tatu. Niliweke tiki?

ZUHURA: Weka. Na neno jingine dogo ni hili: bonasi ya asilimia 30 ya nini? Chukua mkurugenzi mwenye mshahara wa msingi wa 100. Nyumba 40, gari na dereva 25, simu, umeme na ulinzi 10. Jumla 175. Mkataba ukisema asilimia 30 ya mshahara wa msingi, bonasi ni 30. Ukisema asilimia 30 ya malipo yote, ni 52.5. Ongeza kiinua mgongo cha asilimia 25 ya msingi kila mwaka, nacho hakimo kwenye 175. Bodi ilijadili 100 mchana kutwa, shirika linalipa 252.5.

BARAKA: Na mjadala wenyewe ulikuwa 100 ipande iwe 105.

ZUHURA: Saa tatu nzima kubishania 5.

BARAKA: Saa tatu, si nne? Sawa, tusonge. Somo la kwanza, tofauti ya mmiliki…

ZUHURA: Ngoja nimalizie saa. Kwa nini saa? Ofisi ile ilikuwa na bonasi. Malipo ya Holgate yalipangwa na chombo cha nje, tume ya serikali inayopanga malipo ya wakubwa wa umma. Dola milioni 1.375 kwa mwaka, na bonasi ya hadi kiasi hicho hicho juu yake. Hiyo haikumng'oa mtu. Elfu ishirini zikamng'oa.

BARAKA: Na hapo ndipo mimi naona dhuluma. Kama wale wanne wangepewa fedha zile zile kwenye mshahara wa Desemba, hakuna seneta angeuliza.

ZUHURA: Kwa sababu fedha zile zingekuwa na njia. Fomu, kiashiria, idhini, kodi. Saa haikuwa na njia, ilipita porini.

BARAKA: Basi kosa ni njia, si saa.

ZUHURA: Kosa ni njia. Ila saa inaonekana mkononi, ndiyo shida yake. Bonasi haionekani. Nenda kwenye hesabu za mwaka za shirika la umma, tafuta mkurugenzi mkuu analipwa kiasi gani. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 24 kinadai shirika litaje malipo ya wakuu kwa mafungu: mafao ya muda mfupi, ya baada ya ajira, mengine ya muda mrefu, ya kuachishwa kazi, na ya hisa. Lakini ni ya wakuu wote kwa pamoja. Jina kwa jina hakidai. Watu kumi na wawili wanapikwa chungu kimoja na wewe unapewa uzito wa chungu.

BARAKA: Ukigawa kwa kumi na wawili umepata wastani usiomhusu hata mmoja wao.

ZUHURA: Rudi Posta ya Australia, kwa mkuu aliyemtangulia Holgate, Ahmed Fahour. Mwaka wa fedha 2015–16 alipata dola milioni 5.6. Wananchi wamekuja kuziona Februari 2017, na walizionea kwenye kamati ya Seneti, shirika lenyewe lilitaka zibaki siri. Mwezi ule ule akatangaza kuondoka. Baada ya hapo ndipo upangaji wa malipo ukatolewa mikononi mwa bodi ukapelekwa kwa ile tume.

BARAKA: Naona unakokwenda.

ZUHURA: Nilishafika. Bodi isipange mshahara wa mkurugenzi mkuu wa shirika la umma. Kinyozi hajinyoi.

BARAKA: Bodi haijinyoi, inamnyoa mkurugenzi.

ZUHURA: Bodi inanyoa kichwa kinachoilipa. Nani anaandaa ratiba ya vikao? Menejimenti. Posho ya kikao inatoka bajeti ya nani? Ya menejimenti. Safari ya mafunzo ya wajumbe inapendekezwa na nani? Mtu anayekuandalia vikao saba kwa mwaka au kumi na saba, wewe ndiye umhukumu kama alifikia malengo?

BARAKA: Hiyo ni hoja ya kurekebisha posho za bodi. Zilipe kwa mwaka, kiasi kimoja, mkae mara nne au mara arobaini. Basi, umeua motisha ya kuzidisha vikao. Si hoja ya kuipokonya bodi kazi. Miongozo ya OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, kuhusu mashirika ya umma, ile ya 2005 iliyorekebishwa 2015 na tena 2024, inarudia jambo moja: serikali iwe mmiliki, isiwe msimamizi wa kila siku, na bodi iwe na nguvu ya kumteua na kumwondoa mtendaji mkuu. Sasa bodi inamteua, inampa malengo, inampima, lakini bei yake inapangwa na watu wasiojua shirika linauza nini. Atamheshimu nani?

ZUHURA: Atauheshimu mkataba.

BARAKA: Atakwenda kwa anayeshika mfuko. Poland walikuwa na sheria tangu mwaka 2000, watu waliiita sheria ya mabomba ya moshi, kwa sababu mishahara ilikuwa inachomoza juu ya paa. Kikomo cha wakubwa wa makampuni ya serikali kikawa mara sita ya wastani wa mshahara wa mwezi. Unajua wakafanya nini? Wakaacha kuwa waajiriwa. Mtu anasajili biashara yake, anaingia mkataba wa huduma za uongozi na kampuni, analipwa kama mzabuni. Kikomo kiko pale pale, yeye hayupo chini yake. Mwaka 2016 wakaibadilisha. Sasa kiwango kinafuata ukubwa wa kampuni, hadi mara kumi na tano kwa zile kubwa kabisa, na sehemu ya bonasi imefungwa kwenye malengo.

ZUHURA: Yaani walirekebisha kikomo. Hawakukirudisha kwa bodi bila kamba.

BARAKA: Walikiri kwamba kikomo kimoja kwa wote ni mchezo wa kujificha.

ZUHURA: Ufaransa hawakujificha. Mwaka 2012 serikali iliweka euro 450,000 kwa mwaka kwa wakuu wa makampuni ambayo dola ina hisa nyingi zaidi. Mkuu wa EDF, kampuni ya umeme, wakati ule, Henri Proglio, alikuwa na karibu milioni 1.6. Kutoka milioni 1.6 hadi laki nne na nusu, na umeme haukukatika. Aliyefuata mwaka 2014, Jean-Bernard Lévy, aliingia kwa laki nne na nusu hizo hizo.

BARAKA: Na kampuni ambazo dola ina hisa chache? Renault ya magari, asilimia kama 15? Kikomo hakikuwagusa. Mtu mzuri anatazama, anakwenda kule.

ZUHURA: Aende. Shirika la umma lina dhamana ya serikali nyuma yake, mara nyingi halina mshindani, likipata hasara linaongezewa mtaji. Hatari hiyo anabeba nani? Si yeye. Kwa nini alipwe bei ya soko mtu ambaye soko halimgusi?

BARAKA: Kwa sababu kuendesha gridi ya taifa ni kazi ngumu hata kama huna mshindani. Na kikomo hakimbani mkuu peke yake. Kila aliye chini yake anapanda kila mwaka mpaka anagusa dari. Mhandisi mkuu, naibu, mkurugenzi mkuu, wote wanafikia mshahara mmoja. Halafu unamwomba naibu achukue ukuu, lawama zote na kamati za bunge, kwa nyongeza ya asilimia mbili. Anakataa. Unabaki na anayekubali, na mara nyingine anayekubali ana hesabu zake nyingine.

ZUHURA: Hiyo ni kashfa kwa watu wanaokubali.

BARAKA: Ni hesabu tu.

ZUHURA: Basi hesabu hii hapa. Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini. Brian Molefe aliingia kama mkuu 2015, akaondoka mwisho wa 2016. Bodi ikapitisha astaafu mapema, shirika likamnunulia miaka ya utumishi ambayo hakuitumikia, mafao yakafika kama randi milioni 30. Januari 2018 mahakama ikaufuta mpango mzima na kuamuru kilicholipwa kirudishwe. Azimio la bodi lilikuwepo, Baraka. Lina akidi, lina muhtasari. Karatasi zote unazozipenda.

BARAKA: Bodi mbovu ni sababu ya kubadilisha bodi.

ZUHURA: Na unaibadilisha na nani? Waziri yule yule aliyeiteua.

BARAKA: Na tume yako ya nje inateuliwa na nani? Malaika?

ZUHURA: Tume haipandi gari la shirika.

BARAKA: Tume haijui shirika! Holgate alipangiwa na tume, saa nne zikapita chini ya pua yake.

ZUHURA: Fahour alipangiwa na bodi, milioni 5.6 zikapita mlangoni.

BARAKA: Hapa hatutoki.

ZUHURA: Mimi sina haraka.

BARAKA: Sikubali, nakwambia. Ukiipokonya bodi malipo umebakiwa na kikundi cha kuidhinisha mihtasari.

ZUHURA: Nami sikubali. Wapange malengo, wampime, wamfukuze. Bei ipangwe nje, itangazwe kwa jina.

BARAKA: Kutangazwa kwa jina, tuko pamoja.

ZUHURA: Usiniletee suluhu ya nusu.

BARAKA: [anacheka] Si suluhu, ni kikao cha kamati ndogo. Jamani, bonasi. Tuseme bonasi kabla muda haujatutupa. Zuhura, upande wa ukaguzi, jalada la bonasi lililo sawa lina nini? Haraka.

ZUHURA: Haraka. Mkataba wa utendaji umewekwa sahihi kabla mwaka wa fedha haujaanza. Ukikuta tarehe ya mwezi wa nne, uliza ule wa kwanza uko wapi. Viashiria vichache vyenye uzito, tuseme fedha 40, huduma 30, uwekezaji 20, watu na uzingatiaji wa sheria 10. Kila kimoja kina kizingiti, chini yake hakilipi kitu, na kina dari. Viashiria vya "kufanya vikao vinne vya menejimenti" vitupeni, hivyo mtu anavitimiza akiwa amelala.

BARAKA: Faida.

ZUHURA: Faida ielezwe ndani ya mkataba wenyewe. Toa ruzuku. Toa deni lililofutwa, mauzo ya kiwanja, kupanda kwa thamani ya majengo, na nyongeza ya bei iliyotolewa na mdhibiti katikati ya mwaka. Kama hukutoa, siku serikali inafuta deni la shirika mkurugenzi anapata bonasi kwa kuwa alishindwa kulilipa.

BARAKA: Hiyo nimeiona kwa macho.

ZUHURA: Kila mtu ameiona. Halafu lango: mkaguzi wa nje ametoa hati safi, makato ya pensheni ya wafanyakazi yamepelekwa, kodi zimelipwa. Lango likifungwa, bonasi ni sifuri hata kama viashiria vimefikia 120. Na malipo yafanyike baada ya hesabu kukaguliwa. Anayepiga hesabu ya bonasi ni mkurugenzi wa fedha, ambaye anaripoti kwa anayelipwa na yeye mwenyewe analipwa, kwa hiyo mkaguzi wa ndani aipitie kabla ya kulipwa na apeleke ripoti kwa kamati ya ukaguzi moja kwa moja. Baada ya kulipwa mnaniita mimi Jumanne kuangalia pini.

BARAKA: Na kubadilisha malengo?

ZUHURA: Mwezi wa kumi na moja! Ndio msimu wake. Lengo lilikuwa kuunganisha wateja 100 wapya, wamefika 70, linakuja pendekezo kwamba "kutokana na mazingira" lengo liwe 75. Anarudisha mishale ya saa nyuma kisha anakuonyesha kwamba amewahi.

BARAKA: Saa imerudi yenyewe, mimi sijaitaja.

ZUHURA: Marekebisho yawepo, ila kwa azimio la bodi lenye sababu, na toleo la zamani lisiondolewe jaladani. Nikitaka kujua shirika lina hali gani, jambo la kwanza natafuta toleo la zamani.

BARAKA: Theluthi moja ya bonasi ishikwe miaka miwili, ukweli ukijitokeza irudi…

ZUHURA: Na mkataba useme inarudi. Bila kifungu cha kurejesha, unaomba.

BARAKA: Fundi mitambo ananionyesha mkono. Dakika moja. Na somo la kwanza sijalisoma.

ZUHURA: Soma vichwa tu.

BARAKA: La kwanza, "Tofauti ya mmiliki, msimamizi na…" Hapana, hili lina sehemu tatu. La pili, mapunjo ya viinua mgongo. La nne lina jedwali, nani anasomewa jedwali masikioni? Basi, tuache. Wiki ijayo.

ZUHURA: Wiki ijayo tuliahidi manunuzi.

BARAKA: Nitayaingiza humo.

ZUHURA: Kama vifaa vya ofisi.

BARAKA: [anacheka] Mwenye swali atuandikie, na kama bodi yenu ina mstari wa zawadi zinazotoka kwenye jedwali lake, tutumieni, nataka kuuona. Zuhura, kuhusu tume bado unakosea.

ZUHURA: Nawe kuhusu bodi. Saa ngapi hiyo?

BARAKA: Nne na dakika mbili.